Mwaka Tulioitandikia Kompyuta Nyasi

Krismasi iliyopita sisi watatu tulilala chini ya bati moja kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mdogo wangu wa mwisho, Evodi, alikuja hapa Songambele na mkewe na watoto, na Domina, aliye katikati yetu, akapanda basi kutoka Mwanza. Kesho yake asubuhi, tukiwa bado tunamenya ndizi za mchana, binti wa Evodi aitwaye Neema, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alitandaza kazi yake juu ya meza yangu. Ilikuwa kompyuta nzima iliyojengwa juu ya bodi moja, ndogo kuliko kiganja changu, na kando yake waya za rangi mbalimbali na kitaa chekundu kisichozidi punje ya mtama. Alikuwa ameiandikia maagizo ya kuwasha kile kitaa, na kitaa hakikuwaka. Alichomoa waya, akachomeka tena, akapuliza, akaguna. Nilisimama nyuma yake na kisu changu cha kumenyea. "Ni mambo ya kompyuta tu, shangazi," aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa asiinuke. Nikamwuliza, "Huo mguu wa chuma uliochomekea waya, umeuambia kwamba ni wa kutoa, au unadhani bado ni wa kupokea?" Akageuka akanitazama. Kabla hajajibu, baba yake aliyekuwa uani akigeuza nyama alipaza sauti, "A tisa, F F, nane D!" na Domina akamwitikia kutoka jikoni kwa sauti ileile ya kuruka kamba, wakaimba mpaka mwisho, mtu na dada yake, wote wawili na mvi zao. Neema alirudi kwenye maandishi yake, akaongeza mstari mmoja, kitaa kikawaka. Halafu akavuta kiti, akasema, "Sasa shangazi, utakaa hapa, na utaeleza."

Nilieleza siku ile mpaka ndizi zikachelewa kuiva, na kwa kuwa Neema amesisitiza niandike, naandika. Jinsi tulivyobaki watatu sitaeleza. Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo hayatawasaidia kitu. Nitaanzia pale tulipokuwa tayari tumehama Mabira na kukaa Rugu, kwenye kituo cha ufundi cha misheni, wakati ambapo neno Kyerwa halikuwa bado jina la wilaya na sote tulikuwa watu wa Karagwe tu. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Kituo kilinipokea kwenye darasa la ushonaji, lakini dirisha la ushonaji lilitazamana na dirisha la redio, na kule kwenye redio walikuwa wanacheka sana. Nikaomba kuhamia kwenye kicheko. Tulipewa chumba nyuma ya ghala la mbao, na mpaka leo nikinusa mti uliokatwa upya nasikia njaa, kwa sababu harufu ile na harufu ya maharage ya jioni ziliingia chumbani kwetu pamoja. Kulikuwa na kitanda kimoja walicholala Domina na Evodi, mkeka wangu, jiko la mafuta lenye utambi uliokuwa mfupi siku zote, na ukuta wa mbao wenye nyufa uliotutenganisha na jiko la kituo, ambako Ma Kokusima alipika na kutawala. Kupitia ule ukuta nilisikia habari zote za Rugu: nani ameoza binti, rubisi ya ndizi ya nani imechacha, mchungaji amehubiri nini na alipaswa kuhubiri nini.

Kupitia ukuta huohuo ndipo niliposikia habari yetu wenyewe. Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Mabira kwa baiskeli kutusalimia, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, na Ma Kokusima alimkaribisha jikoni akauke. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na migomba iliyoliwa na fukusi, na usiku hakulala kwa kutufikiria. Nilimsikia akisema, "Ma, niambie ukweli. Msichana kama yule anafundishwa redio. Atawalisha wadogo zake bisibisi?" Ma Kokusima akajibu, "Bisibisi zikichemshwa vizuri na chumvi, kwa nini wasile?" Baba mdogo hakucheka. Baadaye aliniita uani, akaniambia bila ukali. "Mwanangu, nitarudi kahawa ikishaanikwa. Nikikuta una kazi inayoeleweka, mtabaki pamoja. Nikikuta bado uko hivi, Domina ataenda kwa shangazi yenu, na Evodi nitamchukua mimi. Sisemi kwa kukuonea." Nilisema, "Ndiyo, baba." Nilishika mpini wa baiskeli yake mpaka njiani, kama heshima inavyotaka, na njia nzima nilitazama kile kibebeo cha nyuma, nikiwaza jinsi Evodi atakavyokaa juu yake.

Kazi inayoeleweka ilikuwa moja tu kituoni, na nayo haikuwa imezaliwa. Mwalimu wetu wa redio, Mwalimu Zakaria, aliyevuka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni na mama yake, alikuwa amepata kwenye sanduku la misaada kompyuta ya bodi moja. Si kama hii ya Neema. Ile ilikuwa pana kama sinia, haina kioo, ina vitufe kama vya mashine ya kujumlishia na dirisha dogo la tarakimu nyekundu. Kijitabu chake kilikuwa cha Kijerumani, lugha ambayo Mwalimu aliijua kwa kuitazama tu. Upande mmoja wa bodi zilitokeza safu mbili za miguu midogo ya chuma, nane huku na nane kule, na Mwalimu alitueleza kwamba kwa miguu hiyo kompyuta inaweza kuushika ulimwengu: ikiambiwa, inapeleka umeme kwenye mguu fulani, au inaukodolea macho mguu mwingine ili ijue kama umeme upo au haupo. Viongozi wa kituo walimwuliza, sasa hiyo ina faida gani kwa mkulima? Mwalimu, ambaye hakuwahi kukosa jibu ingawa mara nyingine alilijutia, alisema, "Itatotoa vifaranga." Wakakubaliana. Mashine ikitotoa, kituo kitamwajiri mtu wa kuitunza na kupokea mayai ya akina mama wa vijiji vya jirani. Isipototoa, bodi itarudi kwenye sanduku lake. Mwalimu alitoka kwenye kikao akiwa ameloa jasho, akaniambia, "Adelina, huyo mtu ni wewe. Tuanze kabla sijaogopa."

Seremala alitujengea sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati tukajaza maganda ya kahawa yaliyokauka. Joto lilitoka kwenye taa ya chemli iliyokaa pembeni, na moshi na joto la ziada vilipanda kwenye bomba lenye kifuniko. Ndani ya sanduku tulitundika kisahani chembamba cha bati kinachovimba kwa joto. Kikivimba vya kutosha kinagusa msumari, na huo ndio ujumbe kwa kompyuta kwamba mayai yanaungua. Kompyuta ikiupata, ipeleke umeme kwenye mguu mwingine, umeme uamshe sumaku niliyoisuka mwenyewe kwa waya wa dinamo, na sumaku inyanyue kifuniko, ta!, joto litoke. Evodi aliliita lile sanduku Kuku wa Mbao, na kituo kizima kikafuata.

Lakini kwanza kompyuta ilikataa kuwasha hata kitaa. Tulibonyeza maagizo, namba baada ya namba, kwamba mguu huu upate umeme, na tarakimu nyekundu zilitujibu kwamba sawa, tayari, na mguu ukabaki umekufa. Tulipima kwa mita. Tulibadilisha kitaa. Tuligundua kwamba kompyuta inahesabu miguu kuanzia sifuri ilhali sisi tunahesabu kuanzia moja, tukashangilia sana, tukahama mguu, na mguu huo nao ukawa umekufa. Tuliendelea hivyo mpaka Jumapili moja kanisani, wakati wa sadaka. Kanisa la Rugu lilikuwa na milango miwili, na mzee wa kanisa alikuwa amesimama akiwapungia watu, ingieni huku, tokeni kule, kwa sababu bila yeye kila mtu angetaka kupita mlango ulio karibu naye na wangekanyagana. Mwalimu Zakaria alikuwa kwenye kwaya, sauti ya nne. Katikati ya ubeti alinyamaza, akafungua macho, akatazama ule mkono unaopunga, na waumini wakadhani ameguswa na Roho. Alishuka jukwaani, akapita mbele ya sadaka bila kutoa, akatoka kwa mlango wa kuingilia. Nilimkuta kituoni amevua koti. "Hatujaweka mzee wa kanisa!" alinipigia kelele. "Kila mguu unaweza kupokea na unaweza kutoa, lakini ukiwashwa asubuhi unajidhania ni wa kupokea. Lazima kwanza aje mtu aupungie: wewe, wa kutoa!" Tukaongeza agizo hilo mwanzoni, kabla ya mengine yote. Kwa namba na herufi za mashine lilikuwa hivi: A tisa, F F, nane D. Kitaa kiliwaka. Tulikaa tunakitazama kama watu walioletewa mtoto mchanga, na Ma Kokusima, aliyekuja kutazama kelele ni za nini, alisema, "Ndiyo hiyo? Kibatari changu kinakishinda," halafu akavuta kigoda, naye akakaa kukitazama.

Ile kompyuta haikuwa na kumbukumbu. Betri ikichoka, ilisahau yote, na maagizo yalibonyezwa upya kutoka mwanzo. Hapo ndipo wadogo zangu walipoingia kazini. Nilikuwa nikiyakariri jioni kwa sauti huku nachambua maharage, nao wakayashika haraka kuliko mimi. Domina aliyageuza kuwa wimbo wa kuruka kamba, na mimi nikikosea kitufe, Evodi alinisahihisha huku anaruka: "Dada, umeruka nane D!" Wasichana wa Rugu waliruka kwa wimbo huo mwaka mzima bila kujua kwamba wanaiambia mashine ipokee na itoe. Ukiniuliza leo furaha ilikuwaje kwetu katika miaka ile, sitakutajia sikukuu. Nitakutajia vumbi la uani, kamba inapiga chini, na watoto wawili waliokaribia kutenganishwa wakiimba namba za mashine kwa lafudhi ya Kinyambo.

Mvua zilipokoma, mashine ilikuwa inafanya kazi. Kisahani kikivimba, kifuniko kilinyanyuka. Kikipoa, kilishuka. Siku moja kabla ya kuingiza mayai, mguu uliopokea ujumbe wa kisahani ulikatika kwa kukunjwakunjwa. Mimi na Mwalimu tulitazamana, tukahamishia waya kwenye mguu kama huo wa safu ya pili, tukabadilisha agizo moja, tukajaribu, ikawa vilevile. Hatukuliwaza tena. Akina mama walikuwa tayari wamefika na mayai yao kwenye vikapu, kila mmoja ameyawekea alama ya mkaa, na kila mmoja akitaka yake yawekwe karibu na taa. "Yangu ni ya kuku mwoga," alisema mmoja, "yasikae karibu na ya yule mama, kuku wake ni mgomvi." Na Ma Kokusima alikuwa na lake. Alitoka bondeni na mzigo wa nyasi mbichi laini kichwani, akaanza kuzitandaza sakafuni kwenye chumba cha mashine, kuanzia mlangoni mpaka chini ya meza, kama tunavyofanya nyumba inapopata mgeni wa heshima. Mwalimu alimwuliza mgeni ni nani. "Mayai ya nyumba zote hizi yanakuja kuzaliwa chumbani humu," alisema, "halafu yakute saruji? Sogeza miguu, waitu, ndugu yetu."

Siku za kwanza Kuku wa Mbao alitulia kabisa. Halafu nyasi zilikauka, na kifuniko kikaanza kunyanyuka bila sababu. Unapita karibu na meza, ta!, kimefunguka, joto linatoka, na ndani hakuna joto la kutosha hata kwa mjusi. Tulipima waya zote. Tulisafisha msumari. Mwalimu alikemea betri. Ma Kokusima alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Mmemkalisha mgeni kwenye nyasi kavu, mnategemea nini?" Tulicheka. Alileta nyasi mpya zenye umande, akatandika, na kifuniko kikatulia. Kesho yake pia kilitulia. Zilipokauka, kikaanza tena. Hapo hatukucheka. Kesho yake asubuhi nilimkuta Mwalimu Zakaria, mtu aliyeweza kukuchorea redio nzima kwa kumbukumbu, yuko bondeni na mundu, suruali imekunjwa hadi magotini, anakata nyasi za kompyuta. "Usimwambie mtu," alisema. Lakini alikuwa amepita katikati ya kijiji na mzigo kichwani, na mpaka mchana watoto walikuwa wanamwamkia, "Shikamoo mwalimu, mgeni wako ameamkaje?" Naye akawajibu, "Ameamka vizuri, anawasalimu, anaomba nyasi." Basi na watoto wakaleta. Kwa karibu nusu ya muda wa kulalia mayai, tuliiendesha kompyuta ile kwa nyasi, na sitasema haikwenda. Ilikwenda. Nilipoyamulika mayai kwa tochi kwenye giza la ghala niliona mishipa myekundu imetandaa kama mizizi, na doa jeusi katikati linalorukaruka. Nilimwita Domina aone, naye aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kiangazi kikazidi. Majani ya migomba yalichanika, vumbi likawa jekundu juu ya kila kitu, na nyasi za asubuhi zilikuwa zimekauka kabla ya saa sita. Bondeni penyewe pakaanza kukauka. Kifuniko kilipiga ta, ta, ta mchana kutwa, na kipimajoto kilishuka kila nilipogeuza mgongo. Nilizungushia sanduku mablanketi yetu. Kahawa ilikuwa imeanikwa kila uwanja, Rugu nzima inanuka tamu, na Baba mdogo alituma salamu kwa mtu aliyekuwa anapeleka mbuzi mnadani kwamba Jumapili ifuatayo atafika, na kwamba nizifunge nguo za Evodi ili wasichelewe njiani. Sikuzifunga. Wala sikumwambia Evodi, lakini chumba chetu kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia kila kitu.

Ilikuwa mchana, baada ya ibada, Jumapili ile kabla ya ile ya Baba mdogo. Domina aliniletea chakula kwenye chumba cha mashine, ndizi na maharage kwenye bakuli lililofunikwa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na chini yake gagulo la nailoni alilopewa kwenye mitumba ya misheni, lililolia kila alipopiga hatua kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Aliinama kunikabidhi bakuli, gagulo likagusa ukingo wa meza. Ta! Akaruka nyuma. Kifuniko kikashuka. Akasogea tena, kwa woga, mkono mbele. Ta! "Dada, haka kamashine kananichukia," alisema. Nilisahau chakula. Nilimwambia asimame pale pale, nikatoka mbio kumwita Mwalimu, na Evodi, aliyekuwa anaoga nyuma ya ghala, akaja amelowa, hana viatu, kanga yangu kiunoni. Tukawasimamisha mmoja mmoja. Domina na gagulo lake: ta! Evodi na maji yake: kimya. Mwalimu na suruali yake ya teteroni, ndugu yake nailoni: ta! Ma Kokusima, miguu mitupu, ametoka kumwaga maji ya vyombo: kimya. "Nimewaambia," alisema, "ananijua."

Mwalimu aliketi juu ya nyasi kavu. "Nailoni ikisuguka inabeba umeme," alisema polepole. "Wakati wa kiangazi unausikia hata ukivua sweta. Aliyelowa hana umeme wa kubeba. Nyasi mbichi zinaunywa." Alinitazama. "Lakini kwa nini kompyuta ijali umeme mdogo hivyo? Wakati wa mvua Domina alikuwa anapita hapa." Nilisema wakati wa mvua hakuwa na gagulo, na wakati wa mvua hapakuwa na vumbi, na wakati wa mvua tulikuwa kwenye safu ya kwanza. Nilipolitamka hilo la mwisho tukaigeukia bodi wote wawili. Nilivua ule waya kwenye mguu wake, nikaweka mita. Mguu wa safu ya kwanza ukiachwa peke yake bila waya, ulisimama juu, imara, kwa sababu waliotengeneza bodi walikuwa wameufunga kwa ndani ili usiyumbe. Mguu wa safu ya pili ukiachwa peke yake, haukusimama popote. Mshale ulitangatanga. Nikisogeza mkono unapanda, nikiuondoa unashuka. "Kisahani kikigusa msumari, mguu unajua pa kukaa," nilisema. "Kikiachia msumari, haujashikwa na kitu." Mwalimu akapiga paja. "Unaning'inia hewani! Mpita njia yeyote anausukuma!" Na Ma Kokusima, aliyekuwa anatusikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, akasema, "Sasa si muufunge."

Dawa ilikuwa risista moja, kitu kidogo kama punje ya mchele yenye miiba miwili, kati ya zilizojaa kwenye kopo la maziwa chini ya benchi. Upande mmoja tuliuchomelea kwenye mguu, upande wa pili kwenye waya wa umeme wa bodi, ili usipoambiwa kitu na kisahani ubaki pale juu, umeshikiliwa. Si kwa nguvu, Mwalimu alinionya. Ukiufunga kwa waya mtupu hautasikia tena ujumbe wowote. Kidogo tu, kiasi cha kuujulisha kwao ni wapi. Nimelea watoto wawili na baadaye wa kwangu wanne, na sijapata kusikia kutoka kwa mtu yeyote maelezo bora ya kazi hiyo. Tulibonyeza maagizo upya, Evodi akituimbia bado na kanga yake. Halafu Domina akapita. Akapita tena, akijisugua gagulo kusudi. Akacheza pale mbele ya meza, akazunguka mpaka likavimba kama mwavuli, nailoni inalia cha cha cha, na Kuku wa Mbao alikaa kimya kama aliyelala. Ma Kokusima ndiye aliyepiga kigelegele. Siku ile tulikula maharage ya baridi.

Hakuna aliyejua kama mayai yalikuwa yamepoa kupita kiasi. Wiki nzima niliyageuza asubuhi na jioni na kuyamulika, na nilitaka kuyaamini madoa yale meusi lakini yalikuwa yamejaa yai lote, hayaonekani tena yakiruka. Jumapili ikafika. Baba mdogo aliwasili baada ya ibada, amevaa koti lake, na kwenye kibebeo cha baiskeli alikuwa ametandika gunia lililokunjwa vizuri na kamba ya katani. Lile gunia lilikuwa la Evodi kukalia, asiumie njiani. Nilimwamkia kwa magoti. Alimkuta Ma Kokusima ametandika nyasi mbichi chumba kizima, ingawa hatukuzihitaji tena. Safari hii alisema ni za mgeni mwenye miguu. Baba mdogo akakaa, akapewa kahawa ya kutafuna, akalitazama lile sanduku na waya zake na tarakimu zake nyekundu. "Ndiyo kazi yenyewe?" akauliza. Nikasema, "Ndiyo, baba." "Na vifaranga?" Nilifungua mlango wa sanduku ili nimwonyeshe mayai angalau, nikachukua lililokuwa karibu, na nilipolishika nilihisi kitu kwenye vidole. Nililisogeza sikioni kwake.

Alikunja uso. Aliacha kutafuna. Ndani ya lile yai mtu alikuwa anagonga, na kati ya kugonga na kugonga, kwa sauti ndogo sana ya kulalamika, alikuwa anaongea. Baba mdogo alilichukua mwenyewe kwa mikono miwili, akalirudisha sikioni, akahamishia sikio la pili. "Anaongea," alisema. "Hajatoka na anaongea." Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimwona anacheka, meno yake yamejaa kahawa. "Evodi, njoo! Njoo usikie, anagombeza!" Lile gunia lilikaa kwenye kibebeo mchana ule wote. Tulikaa juu ya nyasi, Mwalimu na Ma Kokusima na sisi watatu na yeye, na jua lilipoinama ganda la kwanza lilipasuka, kikatoka kiumbe kimelowa, kibaya, kimechoka, kikaanguka kifudifudi, na baada yake kingine, na kingine, na yale mayai ya kuku mgomvi ndiyo yaliyotangulia. Mengine hayakupasuka. Yaliyopasuka yalitosha kwa kelele kusikika hadi barabarani, akina mama wakaanza kufika na vikapu bila kuitwa, na Baba mdogo akawa anawapokea mlangoni kana kwamba mashine ni ya kwake: "Huyu hapa ni binti wa kaka yangu. Ndiye mwenye kazi hii. Msisukumane, kila mtu atapata wa alama yake."

Alilala kwetu, kitandani, na watoto wakaja mkekani kwangu. Asubuhi, kabla ya kuondoka, hakusema kwamba amebadili mawazo, na mimi sikumwuliza. Aliikunjua ile kamba ya katani, akamwambia Ma Kokusima amtafutie kikapu chenye kifuniko, akakunja gunia ndani yake kuwa kiota, na Mwalimu akampimia vifaranga vilivyotokana na mayai ya kituo, zawadi kwa mke wake na watoto wake saba. Akavifunga kwenye kibebeo, pale pale alipokuwa amepanga Evodi akae. Nilishika mpini wa baiskeli mpaka njiani, yeye akitembea nyuma na mkono mmoja juu ya kikapu, akiviambia vinyamaze, safari ni ndefu. Kwenye mteremko alipanda baiskeli, na Evodi akamkimbilia pembeni, anamwimbia maagizo ya mashine yote kuanzia mwanzo, ili akavifundishe vifaranga huko Mabira, na sauti zao zote zikaishia kwenye kona ya migomba. Nilisimama. Baada ya muda Evodi alitokea tena, peke yake, kwa miguu yake, vumbi hadi magotini. Alinipita bila kusimama, akaingia chumbani kwetu, akauliza kuna nini cha kula.